Mkono Nisiounyoosha

Tumpe aliniuliza swali lile tukiwa tumekaa mkekani upande wa wanawake, siku tuliyomzika Mwalimu Ambakisye kule Ipyana. Masufuria ya wali yalikuwa yanashushwa, sahani zinagongana, na yeye akaniinamia sikioni kama mtu anayetaka kuomba chumvi. "Mama Lugano," akasema, "sura yake ilikuwaje?" Nikamtazama. Mwanamke mwenye mvi, mwenye wajukuu, ameolewa na Gwamaka mtoto wa marehemu miaka zaidi ya ishirini. Wala hakuwa amechanganyikiwa. Kwetu sisi Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Haketi naye chumba kimoja, hamtaji jina, akimwona njiani anaingia shambani na kujifunika kanga mpaka apite. Tunaita kutila. Wasichana wa leo wanacheka wakilisikia neno hilo, lakini Tumpe alilishika mpaka siku ile, na jeneza lilipofunguliwa watu waage, yeye alibaki nyuma ya nyumba kwenye migomba, mgongo ameupa uwanja. Nikasimama, nikasema naenda kusaidia kuosha vyombo, nikaizunguka nyumba mara mbili bila kushika hata kijiko. Miguu yangu ndivyo ilivyo. Nikiwa na deni la maneno haitulii, na deni hili ni la tangu mwaka wa zile kompyuta.

Ulikuwa mwaka ambao simu za mkononi zilianza kushika Kyela, ila mpaka upande juu ya kitu. Kila kitu kilikuwa kinaingia: mitumba, redio, friji zilizokwisha kufa huko zilikotoka. Chisomo wa Karonga, ambaye alivuka mto Songwe, mpaka wetu na Malawi, kama wewe unavyovuka uani kwako, alileta kompyuta tano nzito zilizochakaa, zimefungwa kwenye magunia kama mbuzi wa wizi. Mimi nilikuwa na chumba cha mbele pale Bondeni, nauza uji na chapati asubuhi, wali na usipa, dagaa wa ziwani, mchana. Chumba kilikuwa na umeme na nondo dirishani, basi Idrisa mwenye duka la vyombo akaja kunibembeleza. Wazee wake Idrisa walitoka pwani, na maneno yake yalikuwa laini kama mafuta ya kujipaka. "Mama, tupe ukuta mmoja tu. Sisi ni kikundi cha kujitolea. Kuna programu ya kuandikia barua na kupangia hesabu za ghala, imetengenezwa na watu huko duniani, haiuzwi. Unaichukua, unaigeuza upendavyo, unampa mwenzio. Tunataka tuitie Kiswahili, tuwagawie makarani wa ushirika na shule." Nikamuuliza, "Mwenyewe ni nani?" Akasema, "Sisi sote." Nikamwambia kitu cha sisi sote kwa kawaida kinalala nje kinanyeshewa. Akacheka, lakini alipoondoka nikawaza kwaya. Kwaya ya Ipyana ikichukua wimbo wetu ikaongeza ubeti, sisi hatubaki mabubu, na kesho ubeti wao tunauimba na sisi. Nikawapa ukuta.

Tulikuwa tisa na wote nawakumbuka. Mwenyekiti Mwalimu Ambakisye, mstaafu, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua. Idrisa katibu. Chisomo wa kompyuta. Anyosisye fundi redio. Atupele, karani wa ushirika wa kakao. Gwakisa dereva, ambaye hakuwahi kuelewa lakini hakuwahi kukosa. Halima, mke mdogo wa Idrisa, aliyekuwa na mwandiko mzuri. Tumpe. Na mimi, wa darasa la nne. Kazi yangu walinipa wenyewe: walikuwa wananisomea maelezo waliyoyatafsiri, kisha wananiuliza, "Sasa Mama, hapo utabonyeza wapi?" Nikibonyeza pasipo, wanafuta na kuandika upya. Idrisa alikuwa anasema mimi ndiye mtihani wa taifa. Nilijifanya kukasirika, lakini usiku wa kuamkia Jumamosi nilikuwa nabadilisha kanga niliyopanga kuvaa mara tatu.

Tumpe ndiye aliyekuwa na kichwa kuliko wote. Alisoma mpaka kidato cha nne, na Gwamaka alipopata kazi Mbeya alimwacha hapa kwa wazazi. Sasa fikiria: mwenyekiti ni baba mkwe wake. Mwalimu alikuwa anakuja asubuhi, saa sita kasoro anakunja miwani yake, anakohoa mara mbili kwa nguvu pale mlangoni, anaondoka kwa barabara ya mbele. Kikohozi kile kilikuwa kengele. Tumpe, akiwa uani ananisaidia kuchambua mchele, anasubiri nyayo zipotee, kisha anaingia na kukaa kwenye kiti ambacho bado kina joto. Hawakukutana hata siku moja. Siku za mkutano, Jumamosi saa nne, Tumpe alikaa jikoni kwangu nyuma ya pazia. Akitaka kusema, ananiambia mimi, na mimi nasimama mlangoni narudia, ingawa kila mtu amekwisha kusikia. "Tumpe anasema kompyuta ya tatu inakula flopi." Mwalimu anatazama dari na kujibu, "Mwambieni mkwe tumesikia, Anyosisye ataifungua." Nami nageuka, "Anyosisye ataifungua." Chisomo alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. "Sisi Karonga nasi tunakimbia wakwe, lakini Mama Lugano, wewe ni simu ya mezani kabisa!"

Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitaja. Ndani ya kompyuta ya kwanza kulikuwa na daftari la mabadiliko. Kila aliyegusa kazi alitakiwa aandike amegusa nini na kwa nini, na kila andiko lilianza na maneno "Kwa kikundi". Alasiri moja Tumpe aliandika, na mimi nikamwomba anisomee: "Kwa kikundi. Aliyeandika ukurasa wa saba ameandika kama anahutubia sherehe. Karani wa kakao ana foleni ya watu. Nimefupisha." Kesho yake asubuhi nikapeleka chai, nikamkuta Mwalimu anasoma. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, huku anatamka: "Kwa kikundi. Aliyefupisha ukurasa wa saba alikusudia kukata kamba, akakata na kichwa cha ng'ombe. Nimerudisha kichwa." Alasiri Tumpe akajibu: "Kwa kikundi. Kichwa nimekiona. Kina pembe nyingi mno." Asubuhi iliyofuata nilikuwa natoka jikoni, nikamwona Mwalimu amesoma, ametoa leso mfukoni, amejiziba mdomo, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Mwalimu Ambakisye, ambaye watoto wa shule waliamini alizaliwa na fimbo mkononi. Nikarudi nyuma na chai yangu ili asijue nimemwona. Ikawa hivyo miezi mingi, yeye asubuhi, Tumpe alasiri, kwa kikundi, kwa kikundi, na kikundi chenyewe wala hakikuwa kinasoma. Niliyekuwa naona pande zote mbili ni mimi peke yangu.

Katikati ya mwaka yakazuka maneno kwamba Idrisa amehamisha kompyuta moja dukani kwake. Ilikuwa uongo, kompyuta ilikuwa kwa Anyosisye inatengenezwa, lakini maneno yalizunguka Bondeni yote kabla mwenyewe hajayasikia. Idrisa akaja amevimba. "Nataka kanuni! Mtu akiwa na shauri na mwenzake, aseme mwenyewe, mkutanoni, mbele ya uso wake. Asiyeweza, anyamaze. Majungu basi." Tuliipenda sote. Kanuni ikaandikwa: mlalamikaji aseme mwenyewe, mbele ya anayelalamikiwa, kisha wengine wapige kura, na kura zikilingana mwenyekiti aamue. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mimi nilinyoosha haraka kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua, nikakimbilia jikoni, na huko nikamkuta Tumpe amenyoosha mkono wake nyuma ya pazia, ameshika mwiko. Nikatoa kichwa nje. "Na Tumpe amekubali!" Wakapiga makofi. Watu tisa, saba kati yetu tumezaliwa na kutila ndani ya nyumba zetu au kwa majirani, na hakuna aliyeona tumefunga mlango gani.

Kisha ikaja barua kutoka Dar es Salaam, ya watu waliokuwa wanaunganisha vikundi kama chetu. Walitaka kazi yetu mwisho wa mwezi, pamoja na ukurasa wa majina ya walioifanya, na majina yapangwe kwa wingi wa kazi. Wawili wa juu wenye umri chini ya miaka arobaini wangeitwa kwenye mafunzo ya miezi sita, warudi wakiwa wakufunzi wa wilaya. Kompyuta ilihesabu yenyewe kutoka kwenye daftari. Wa kwanza Tumpe. Wa pili Mwalimu, na yeye umri ulimtoa. Tumpe alisimama mbele ya kioo cha kompyuta, akanishika kiwiko akaniumiza. "Mama Lugano, Gwamaka amekubali. Amesema niende." Alipika siku ile akiimba, wali ukawa bokoboko, wateja wakanung'unika, na mimi sikujali.

Ukurasa ule Idrisa aliuchapisha, akaubandika ukutani kwangu. Nadhani hapo ndipo tulipoharibu. Wateja walisoma wakila. Wazee wawili wa Ipyana, mmoja aliitwa Mwaikuju na mwingine Ndimbumi, walimkuta Mwalimu mlangoni. "Mwagonile, Mwalimu," akasema Ndimbumi kwa adabu zote, kisha akaonyesha ukuta kwa kijiko. "Siku hizi mkweo anatangulia njiani, wewe ndiye unayeingia shambani?" Mwaikuju akaongeza, "Akupe na kanga ujifunike." Wakacheka kicheko cha watu walioshiba. Mwalimu alisimama pale akiutazama ukurasa, jina la mkwe wake juu, lake chini, karatasi moja. Niliona sikio lake limekuwa jekundu, kwa kuwa alikuwa mweupe kidogo.

Siku ya tatu, alasiri, Tumpe akaniita. "Mama, njoo unihesabie." Nikahesabu majina kwenye kioo kwa kidole. Manane. Nikahesabu tena. Lake halikuwepo. Kwenye daftari kulikuwa na mstari mmoja: "Kwa kikundi. Nimesahihisha ukurasa wa majina." Hakuna sababu. Tumpe hakulia. Alifunga kitambaa cha kichwa upya, akakifungua, akakifunga. "Ningekuwa mke wa mtu mwingine," akasema, "leo ningemfuata mpaka kwake." Nami nikazunguka chumba, nikafuta meza zilizokuwa safi.

Asubuhi nilimpelekea Mwalimu chai nikakaa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Akaelewa. "Mama Lugano, karatasi ile itabandikwa kila ofisi ya ushirika wilayani. Jina langu na lake, yamelala ukurasa mmoja kama watu waliolala kitanda kimoja, na yeye juu. Wewe ungefanyaje?" Nikasema, "Sijui, Mwalimu." Akasema, "Basi lazima moja litoke." Swali lilikuwa hapa mdomoni, kwa nini litoke la Tumpe. Nililimeza. Nikachukua kikombe hata chai hajamaliza.

Tumpe akafanya ambalo hakuna aliyelifikiria. Aliandika shauri lake kwenye daftari. "Kwa kikundi. Mwenyekiti amefuta jina langu bila kueleza. Naomba lirudi kabla kazi haijatumwa. Tumpe." Lilikuwa andiko lake la kwanza kutia jina. Jumamosi saa nne watu wote walikuwepo, jikoni Tumpe, kwenye jiko maji yanachemka bila kitu ndani yake kwa sababu hakuna aliyekumbuka kutia unga. Idrisa akalisoma shauri kwa sauti. Anyosisye akadakia, "Hilo halifai. Kanuni inasema aseme mwenyewe, mbele ya uso."

"Ameandika mwenyewe, na mwenyekiti amesoma kwa macho yake!" Idrisa akasema. "Kuandika si kusema?"

"Angalia unachosema, Idrisa," Atupele akasema polepole. "Wewe ni Mswahili, hujui. Kama kuandika ni kusema, basi huyu binti amekuwa anaongea na baba mkwe wake mwaka mzima. Nenda kasome hilo daftari. Unataka tuliseme hilo hapa, likafike Ipyana?"

Gwakisa akatazama viatu vyake. Chisomo peke yake akasema, "Na kama si kusema, basi Tumpe hana mdomo katika kikundi hiki, na tulimpigia makofi siku tuliyomziba." Mwalimu alikuwa anatazama dari, kama kawaida yake, lakini leso ilikuwa mkononi, anaikunja na kuikunjua. Nyuma ya pazia nilisikia Tumpe amezima jiko. Nilijua anachosubiri. Alikuwa anasubiri mimi nisimame mlangoni. Mimi ndiye niliyejua. Ningesema: ndiyo, wamekuwa wanaongea, nimewaona, na mzee amekuwa anafurahi, na hakuna aliyemtazama mwenzake, na hakuna kilichochafuka.

Kura ikapigwa. Waliosema andiko ni neno: Idrisa, Chisomo, Halima. Waliosema hapana: Anyosisye, Atupele, Gwakisa. Halafu wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nusu chumbani nusu jikoni, na mkono wangu ulishika pazia. Nilijiambia namlinda. Nikikubali, ukoo utasema amevunja kutila, Gwamaka atakalishwa kikao, itatafutwa njia ya kumtakasa kama mtu mwenye kosa. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini pia niliogopa. Mimi nilimkimbia baba mkwe wangu miaka kumi na tisa, nimeanguka mtaroni kwa kumkimbia, na nilimwonea wivu msichana aliyepata mlango ambao mimi sikuupata. Sikuunyoosha mkono, upande wowote. Nikasema, "Mimi ni mtu wa jikoni." Watu wakacheka kidogo, kwa shukrani. Tatu kwa tatu. Na hapo ndipo tulipogundua kilichoandikwa: kura zikilingana mwenyekiti aamue. Aamue shauri lake mwenyewe. Mwalimu akasimama, akavaa miwani, akaivua. "Kanuni tumeitunga wenyewe," akasema, sauti haisikiki vizuri. "Shauri limeanguka." Akakohoa mara mbili, akaondoka, na safari ile Tumpe hakusubiri nyayo zipotee. Alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango wa uani.

Kazi ilitumwa na majina manane. Kwenye mafunzo wakaenda Atupele na Anyosisye, maana Idrisa naye umri ulimtoa. Kabla ya hapo Tumpe alikuja mara moja tu, alasiri, na kasha la flopi. Akanakili kila kitu, programu na daftari, mpaka jioni, na hakuna aliyeweza kumzuia kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kitu chenyewe: anayetaka achukue. "Ndaga fijo kwa jikoni, Mama Lugano," akasema. Shukrani ile ilinikata kuliko tusi. Gwamaka alipohamishiwa Katumba Songwe Tumpe alimfuata huko, na nikasikia anawafundisha makarani wa ng'ambo zote mbili za mto kwa kompyuta moja ya Chisomo. Kikundi chetu kilikufa kabla ya masika. Mwalimu alichukua kompyuta ya kwanza akaenda nayo Ipyana. Nikarudisha meza zangu za uji ukutani. Alama za miguu ya kompyuta zilibaki sakafuni, na mpaka leo nikifagia naziruka.

Basi siku ya mazishi, nilipomaliza kuizunguka nyumba, nilirudi mkekani. Tumpe alikuwa amenishikia nafasi kwa kuweka kiatu. Nikamwambia moja kwa moja, "Mwanangu, siku ile mkono wangu." Akasema, "Niliuona. Pazia lilikuwa jepesi." Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa kama kitambaa. "Gwamaka alikuwa anambebea baba yake flopi kila akienda kumsalimu, na baadaye flashi. Mzee hakuacha kuandika, Mama. Kwa kikundi, kwa kikundi, na kikundi kimebaki yeye na mimi. Hii ilikuja masika ya kwanza baada ya kikundi kufa. Sikumwonyesha mtu."

Ulikuwa ukurasa wa majina. Nikausoma kwa kidole, kama ninavyosoma siku zote. La kwanza, Tumpe. Kisha Atupele, Idrisa, Anyosisye, Halima, Chisomo, Gwakisa, na la mwisho la kwangu mimi. Manane. Nikarudia kuhesabu, nikitafuta jina la Mwalimu Ambakisye juu, chini, nyuma ya karatasi. Halikuwepo. Chini kabisa kulikuwa na mstari: "Kwa kikundi. Nimesahihisha ukurasa wa majina. Ilibidi moja litoke, na mara ya kwanza nilikosea lipi."

Wanawake walikuwa wanatuita tukale. Nikamshika Tumpe mkono asiinuke, na kwa mara ya kwanza siku ile miguu yangu ikatulia. Nikamwambia Mwalimu alikuwa na uso mwembamba, mweupe kidogo, na kovu juu ya nyusi ya kushoto. Nikamwambia masikio yalikuwa makubwa. "Na asubuhi," nikasema, "akisoma ulichokiandika jana yake, alikuwa anatoa leso, anajiziba mdomo, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Ile ya pembe nyingi alicheka mpaka chai ikapoa. Nilimwona kwa macho yangu." Tumpe akajifunika kanga uso mzima, pale pale katikati ya watu, na mabega yake yakaanza kutikisika vilevile.